Anza kuangalia chini ya trekta: niliyojifunza kwa mkono wa kuchimbia Lubumbashi

Watu wanaosimama kuangalia mashine yetu, trekta dogo lenye mkono wa kuchimbia nyuma, kwenye barabara ya Kipushi huuliza mambo mawili: kijiko kina upana gani, na kinafika chini kiasi gani. Mimi huwaomba wainame kwanza. Chini ya trekta kuna vyuma viwili virefu vilivyoshikwa kwenye ekseli ya nyuma, vinapita pembeni mwa giaboksi na injini mpaka kwenye fremu ya loda, yaani kijiko kikubwa cha mbele cha kupakia. Mkono wote wa kuchimbia umeegemea hapo. Mtu wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anayetaka kulifungia trekta lake dogo mkono wa nyuma, ningependa aione fremu hiyo kabla hajatoa pesa, kwa sababu karibu kila uharibifu niliouona katika kazi hii ulianzia kwenye kiungo kati ya trekta na mkono. Kijiko chenyewe hakina makuu.

Trekta ni la yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Ana shamba upande wa mto Kafubu, mboga na mabwawa ya samaki, na mimi ndiye ninayeliendesha na kulitunza. Lina nguvu za farasi kama 30 na injini yake haina turbo. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Wakati wa kulima unalihisi jambo hilo. Wakati wa kuchimba si rahisi kulihisi, maana kazi inafanywa na msukumo wa mafuta kwenye silinda, na injini inatosha kuzunguka kwa mwendo wa kati bila kupigiwa makelele.

Tulichagua trekta dogo kwa sababu ya mahali tunapochimba. Eskaveta, ile mashine kubwa ya kuchimba, inahitaji lori la kuibeba na njia ya kuingilia. Viwanja vya Katuba na Kenya, komuni za mji wetu, havina njia hiyo. Unapita kati ya ukuta na mwembe, unachimba shimo la choo, unatoka. Na baada ya hapo trekta hilohilo linarudi shambani kulima.

Sasa nieleze kwa nini ninang'ang'ania fremu. Lori lina shasi inayobeba kila kitu. Trekta la shamba kwa kawaida halina. Injini, kasha la klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti, kimoja nyuma ya kingine, na makasha hayo ya chuma cha kuyeyushwa ndiyo mgongo wa mashine. Kwa jembe inatosha, kwa kuwa jembe linavuta kuelekea nyuma tu. Mkono wa kuchimbia unasukuma chini, unavuta kuja kwako, unainua, unapinda kushoto na kulia, kutwa nzima. Mwaka 1957 kampuni ya Case ya Marekani ilipotoa modeli yake ya 320, loda, trekta na mkono vilijengwa kiwandani kuwa mashine moja, vikiwa na mwili uliokusudiwa kazi hiyo. Trekta letu halikuzaliwa hivyo. Fremu ya chini inachukua msukumo wa mkono na kuugawa mbele na nyuma, ili giaboksi isipindwe katikati.

Kuna mikono ya bei nafuu inayoning'inizwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile ya kufungia jembe. Mimi siikubali, na sitaacha kusema hivyo kwa sababu muuzaji ana punguzo. Mikono hiyo mitatu imetengenezwa kupanda na kushuka. Kijiko kikikwama kwenye mzizi na wewe ukaendelea kuvuta, mkono mzima unaweza kuinuka na kukunjika kuja kwa mwendeshaji, naye yuko katikati ya kiti na chuma cha ulinzi. Hana pa kukimbilia. Upande wa mashine, nimeona trekta la mkulima mmoja wa huku kwetu lililochimba hivyo kwa msimu mmoja: mafuta yalikuwa yanatoka kwenye maungio ya giaboksi na ekseli, bolti mbili zimekatika, na kasha lina ufa unaoingia ukucha. Ilibidi trekta lipasuliwe katikati. Gharama ya kazi hiyo ingetosha kununua fremu nzuri na kubaki na pesa za mafuta.

Fundi aliyenifundisha ni mzee aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye karakana ya hidroliki ya mgodi. Tunamwita Papa. Mji huu umejaa wazee wa namna hiyo, watu waliokuwa wanashika mashine kubwa kuliko nyumba zao, na ukiwakuta wakiwa na subira unajifunza bure kitu ambacho vijana wengine wanalipia shule. Siku tuliyoanza kufunga fremu, Papa hakugusa spana asubuhi nzima. Alikwangua. Kila mahali ambapo bamba la fremu lingekutana na trekta, aliondoa rangi, matope na grisi ya zamani mpaka chuma kikang'aa, akapangusa kwa petroli. Mimi nilikuwa na haraka, yeye akaniambia kwamba rangi ikibaki kati ya vyuma viwili itasagika baadaye, bamba litapata nafasi ya nywele moja, na nafasi hiyo ndiyo itakayolegeza bolti.

Halafu akazipanga bolti zote kwenye gunia na kusoma vichwa. Zilizokuja na fremu zimeandikwa 10.9, ambayo ni alama ya ugumu wa chuma. Moja haikuwa na alama yoyote. Njiani mtu alikuwa amebadilisha. Akanirudishia mkononi.

"Mwana, hii ni ya kufungia mulango. Ya mashine iko na namba."

Tulitembea nusu ya mji kutafuta moja ya 10.9 yenye urefu ule, tukaipata, tukaendelea. Bolti zote ziliingizwa kwa vidole kwanza, hakuna hata moja iliyokazwa mpaka zote zimekaa. Ukikaza moja mapema, tundu la upande wa pili linahama, utaanza kulilazimisha kwa nyundo. Baada ya hapo tulikaza kwa kupishana, kushoto na kulia, kwa spana ya kupimia nguvu, tukifuata kipimo cha kitabu cha mashine. Mwisho Papa alichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati kuja kwenye bamba. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na wewe unauona ukiwa umesimama. Mpaka leo nauangalia mstari huo kila asubuhi kabla ya kuwasha. Bolti zile zilikazwa tena baada ya saa chache za kwanza za kuchimba, na zilikubali kusogea kidogo, kama alivyosema. Sasa tunazipitia kila saa 50.

Kitu kimoja Papa alikataa katakata: kuchomelea chochote kwenye makasha ya trekta. Chuma cha kuyeyushwa kinapasuka pembeni ya weldi. Na hata ukichomelea kwenye fremu au kijiko, waya za betri zitolewe kwanza.

Mafuta ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuielewa, na nadhani ndiyo inayowachanganya wengi. Mkono unahitaji mafuta yenye msukumo, na kuna njia mbili za kuyapata. Ya kwanza ni pampu ya peke yake inayofungwa kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungushwa na injini, ikiwa na tangi lake. Inazunguka mizunguko 540 kwa dakika, na lazima mwili wake ufungwe kwa mnyororo au chuma kwenye trekta, kwa sababu PTO ikianza kuzunguka itajaribu kuizungusha pampu nzima pamoja na mipira yake, yaani hosi za mafuta. Njia hii inafaa trekta la zamani lenye pampu dhaifu. Faida yake nyingine ni kwamba mafuta ya mkono hayachanganyiki na ya trekta, kwa hiyo unaweza kutumia mafuta ya kawaida ya hidroliki, yale ya namba 46.

Njia ya pili, ambayo ni yetu, ni kutumia pampu ya trekta. Mafuta yanatoka kwenye pampu, yanapita vali ya loda, kutoka hapo yanakwenda vali ya mkono wa nyuma, kisha yanaendelea kwenye mikono mitatu ya jembe, na yanayorudi yanaingia tangini. Ni safari moja, kila vali ikimpokea mwenzake. Njia ikizibwa popote, msukumo unapanda mpaka vali ya usalama inafunguka, pampu inaanza kulia, mafuta yanachemka, na kila kitu kinachofuata baada ya kizuizi hakifanyi kazi. Ndiyo maana ukiutoa mkono, mpira unaopeleka mafuta na ule unaoyaendeleza lazima viunganishwe pale pale. Niliwahi kuitwa kwa mtu aliyekuwa tayari kubadilisha pampu nzima kwa sababu pampu inalia na mikono ya jembe hainyanyuki. Mpira ulikuwa unaning'inia bila mwenzake. Tuliunga, akawasha, mikono ikapanda.

Na katika matrekta mengi ya aina hii, tangi la hidroliki ndilo giaboksi lenyewe. Mafuta yale yanalainisha gia, yanapoza breki zilizomo ndani, na yanasukuma silinda. Usiweke humo mafuta ya hidroliki ya kawaida kwa sababu ni rahisi kupatikana sokoni. Breki zitalia na klachi zitateleza. Nunua yale yanayotajwa kwenye kitabu cha trekta, hata kama unalazimika kungoja mzigo upite Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia.

Usiku wa Juni na Julai hapa joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi mafuta yanakuwa mazito. Mimi huiacha injini itembee taratibu kwa dakika kadhaa, halafu napandisha na kushusha mkono polepole bila mzigo. Oktoba shida inageuka: jua kali, mafuta mepesi, na ukichimba bila kupumzika utayaona yakipanda joto. Nikiweka mkono karibu na tangi nikahisi limezidi, nasimama. Ninayaangalia pia kwa macho. Yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na hakuna dawa isipokuwa kuyamwaga na kutafuta maji yalipitia wapi.

Kufunga mkono wenyewe kwenye fremu, ukishazoea, ni kazi ya muda mfupi, mradi ardhi iwe sawa na ngumu. Wetu una uzito wa kilo kama 400, kwa hiyo hakuna mtu anayeubeba, unajibeba wenyewe. Narudisha trekta nyuma polepole mpaka iko karibu, nafunga breki ya mkono, nazima. Naunga mipira ya mafuta kwanza, kabla ya pini yoyote. Kisha nawasha, na kwa kutumia miguu ya mkono, ile miwili ya pembeni inayoshika ardhi, na kijiko kilichokaa ardhini, nainua au kushusha ndoano za fremu mpaka zilingane na mahali pake. Narudi nyuma kidogo tena, ndoano zinakaa, nasukuma kwa kijiko mpaka tundu la juu linalingana, napiga pini na kuweka kufuli zake. Nikiwa kwenye kiti, hakuna mtu anayesimama kati ya trekta na mkono. Kijana anayenisaidia anasimama pembeni, mahali ninapomwona uso, na ananionyesha kwa mkono. Pini zikikataa kuingia, sitafuti nyundo kubwa zaidi. Mara nyingi mguu mmoja umezama kuliko mwingine, na ukiurekebisha pini inaingia kwa kusukumwa na kiganja.

Kabla ya kuunga au kufungua mipira, ninazima injini na kuzichezesha leva zote, vishikio vya kuendeshea mkono, huku na huku ili msukumo uliobaki uishe. Na ncha za mipira zinapanguswa kwa kitambaa safi kila mara, na zikikaa wazi zinavikwa vifuniko. Vumbi jekundu la hapa halionekani likiwa ndani ya mafuta, ila vali inaliona.

Mkono ukishafungwa, sehemu ya mbele ya trekta inakuwa nyepesi na usukani unapoteza mshiko. Loda yenye kijiko chake mbele inasaidia; asiye na loda lazima aweke uzito mbele. Barabarani naendesha taratibu, mkono umekunjwa na umefungwa kwa pini zake mbili, ya kuzuia kushuka na ya kuzuia kuzunguka. Mkono unaozunguka wenyewe kwenye kona unaweza kumfagia mtu wa baiskeli.

Kuhusu kuchimba, ardhi yetu ina kitu ambacho vitabu vya viwandani havikitaji: vichuguu. Anayelijua pori la kuzunguka Lubumbashi anajua ninachosema, vilima vya mchwa vyenye mita kadhaa kwenda juu, vingine vina miti mikubwa imeota kileleni. Udongo wake ni mzuri kwa matofali, na wenye viwanja wanataka viondolewe ili wajenge. Wakati wa kiangazi kichuguu kinakuwa kigumu kiasi kwamba meno ya kijiko yanateleza juu yake. Ukikishambulia kwa nguvu zote, trekta ndilo linalosogea, au miguu inanyanyuka. Nilichojifunza ni kuchukua kidogo kidogo kutoka pembeni, ngazi kwa ngazi, nikikunja kijiko chenyewe kuliko kuvuta mkono wote, kwa sababu silinda ya kijiko ndiyo inayovunja udongo mgumu vizuri zaidi. Sichimbi tumbo la kichuguu nikaacha kichwa kimening'inia. Mkono wa trekta dogo haufiki juu, na kichwa kile kikianguka kinakuja na mti wake. Kwa kichuguu kirefu sana nakataa kazi, namwambia mwenye kiwanja atafute eskaveta. Wakati wa mvua udongo huohuo unanata kwenye kijiko hautoki. Unapunguza mzigo, unakipiga kijiko kwa kukifungua haraka, hupigi kwenye chuma cha miguu.

Jambo linaloua mikono mingi ni kufagia kwa pembeni. Mtu amemaliza mtaro, anaona kifusi kimekaa kando, anakilaza kijiko ubavuni mwa kifusi na kukisukuma kwa kuzungusha mkono. Inaonekana rahisi. Lakini nguzo ya katikati, pale mkono mzima unapozungukia, na silinda mbili za kuzungushia hazikuumbwa kusukuma udongo. Pini zinaliwa upande mmoja, tundu linakuwa yai, mkono unaanza kucheza. Kufukia ni kazi ya loda. Nyanyua miguu, geuza trekta, fukia kwa mbele. Vilevile, sivuti kijiko kilichozama ardhini kwa kuendesha trekta mbele. Pale unarudisha kwenye fremu nguvu ambayo hakuna vali ya usalama ya kuizuia.

Ndani ya mji tunauliza kabla ya kuchimba: REGIDESO, shirika la maji, kuhusu bomba, SNEL, shirika la umeme, kuhusu nyaya, na zaidi ya wote majirani, maana familia nyingi zimevuta bomba zao wenyewe. Na shimo likipita mita 1.2, hakuna anayeingia bila kuta kuegemezwa au kukatwa kwa mteremko. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu. Kifusi kinakaa mbali na ukingo, angalau sentimita 60. Nimegombana na wenye nyumba kwa sababu hii, wanaotaka mtoto wao aruke chini asawazishe pembe kwa jembe. Nitagombana nao tena.

Grisi. Kila pini ya mkono ina nipeli yake, kichwa kidogo cha kuingizia grisi, na kwenye udongo wetu nazipa grisi kila asubuhi ya siku ya kazi, na siku ya kazi ndefu tena mchana. Vitabu vingi vinasema kila saa 8 au 10, nami naona hiyo ni kwa nchi isiyo na vumbi la Agosti. Vumbi likiingia kwenye grisi, mchanganyiko wake unakuwa msasa, unakula pini na bushi, ile pete ya chuma inayozunguka pini, kila unapozungusha. Dawa yake ni kuongeza grisi mpya mpaka ile chafu itoke pembeni na inayofuata iwe safi, kisha kupangusa iliyotoka. Nipeli inapanguswa kabla ya kuweka pampu ya grisi, la sivyo unasukuma vumbi ndani kwa nguvu. Nipeli inayokataa kupokea haiachwi mpaka kesho. Mara nyingi imeziba kichwani, inabadilishwa kwa dakika chache. Ikiwa nipeli ni nzima na grisi bado haiingii, njia ya ndani ya pini imeziba, na pini itolewe siku hiyo hiyo.

Naanza na nguzo ya katikati, kwa sababu ndiyo inayobeba zaidi na ndiyo iliyofichika zaidi. Kijana anayenisaidia alikuwa anaanza na kijiko, kilicho mbele ya macho yake, na alipofika nyuma pampu ilikuwa imeisha grisi. Tukageuza utaratibu, basi.

Kila Jumamosi nashika ncha ya kijiko, injini ikiwa imezimwa, mkono umening'inia kidogo tu juu ya ardhi, naisukuma kushoto na kulia. Natafuta mchezo. Ukianza kusikia mlio wa chuma kwa chuma, bushi imekwisha, na ukibadilisha bushi mapema unaokoa pini na tundu lenyewe. Hapa Lubumbashi tuna bahati ya kuwa na mafundi wa mashine za kukereza chuma, wengi wamejifunzia kwenye karakana za migodi, na wanaweza kukuchongea bushi ya shaba nyeusi kwa kipimo chako. Wapelekee pini pamoja na bushi. Ukipeleka bushi peke yake watafuata tundu lililokwisha kulika.

Mipira ya mafuta nayo inaangaliwa kila siku: mahali inaposuguana na chuma, mahali ngozi ya nje imepasuka na waya unaonekana. Hapa sitafuti maneno laini. Msukumo wa mafuta kwenye trekta la aina hii unafika bari 150 mpaka 200. Tundu la sindano kwenye mpira linarusha mafuta yanayopenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Siku moja kijana aliona unyevu kwenye mpira wa silinda kubwa, injini ikiwa inatembea, akanyoosha kidole aone unatoka wapi. Papa alikuwa ameketi mbali kidogo, sijapata kumsikia akipaza sauti vile kabla wala baada.

"Hapana kugusa! Toa mukono!"

Alizima injini mwenyewe, akamkalisha yule kijana na kumweleza. Kidonda cha mafuta kinaonekana kidogo, wakati mwingine hakiumi mwanzoni, na mtu anakwenda kulala. Ndani nyama inaharibika. Anatakiwa kufika hospitali saa ile ile na kumwambia daktari kwamba ni mafuta ya mashine yenye msukumo, ili apasuliwe mapema. Kutafuta mvujo tunatumia kipande cha katoni kilichoshikwa mbali, na mara nyingi tunazima tu na kubadilisha mpira unaotiliwa shaka. Hosi mpya zinabanwa mjini, kuna maduka yanayohudumia magari ya migodi; nenda na ya zamani, wapime urefu na vichwa vyote viwili, na uwaambie msukumo.

Mvua za kwanza huanza kukaza kuelekea Novemba, na upande wa Kafubu maji yanapanda, mabwawa hayachimbiki tena. Hapo tunautoa mkono, maana trekta linahitajika kulima, na kulibebesha kilo 400 za bure msimu mzima ni kuzichosha ekseli na matairi. Tunauweka chini ya paa, miguu imeshushwa juu ya mbao nene, kijiko nacho juu ya mbao, silinda zimekunjwa kadiri inavyowezekana. Sehemu ya fimbo inayong'aa iliyobaki nje inapakwa grisi, kwa kuwa kutu ya punje moja kwenye fimbo hiyo itakata sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke, na sili ikikatika mkono unashuka wenyewe ukiwa umeuacha juu. Mipira ya trekta inaunganishwa, loda inajaribiwa kabla ya kuondoka. Pini za kufungia zinarudishwa kwenye matundu yake, na bolti za fremu, ambayo inabaki chini ya trekta mwaka mzima, zinapitiwa kwa spana.

Mei, ardhi ikianza kukauka, angalia mbao kwanza kabla ya kurudisha trekta nyuma. Mvua ya miezi yote hiyo hufanya upande mmoja uzame. Mkono uliolala upande haufungiki kwa haki: nyanyua kwa jeki mguu uliozama, ongeza ubao, pima usawa wa ndoano mbili, ndipo uwashe.